Josho, bomba, dawa ya kumwagia mgongoni au chanjo: mfugaji wa Lindi na Mtwara achague kipi dhidi ya kupe?

Huku Kusini korosho zikishalipwa, watu hununua ng'ombe. Minada inaanza Oktoba, fedha zinaingia, na mtu wa Tandahimba au Ruangwa ambaye kwao hawajawahi kufuga zaidi ya mbuzi na kuku anajikuta na mtamba chotara aliyeshushwa kwenye Fuso. Wiki chache baadaye mvua zinaanza, nyasi zinasimama, na kupe wakubwa wanapanda kwenye ncha za majani kusubiri mguu upite. Fedha, ng'ombe mgeni na kupe vinafika msimu mmoja. Hapo ndipo watu wanapojaa kwenye maduka ya dawa za mifugo wakiuliza, "Dawa gani nzuri?"

Mimi ningeanza na njia, jina la dawa lifuate. Dawa ileile kwenye josho inafanya kazi, kwenye bomba la mtu mwenye haraka haifanyi. Na huku kwetu kuna jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya Arusha au Mbeya hailiweki mbele: mbung'o, yule nzi anayenyonya damu na kuleta nagana. Mfugaji wa Lindi akichagua dawa ya kupe bila kumfikiria mbung'o, atakuwa na ng'ombe wasio na kupe, lakini ng'ombe hao watakonda hadi kufa.

Unapambana na nani hasa

Kupe wa masikio, yule wa kahawia anayejazana ndani ya sikio, ndiye anayeleta ndigana kali. Kupe wa bluu ni mdogo, anakaa shingoni, kidarini na ubavuni, na huleta mkojo mwekundu na ndigana baridi. Yule mkubwa mwenye madoa mgongoni na miguu ya pingili za rangi, anayependa kinena na kiwele, huleta maji moyo. Tena akitoka anaacha kidonda, na chuchu inaweza kuharibika moja kwa moja. Mbuzi hawaugui ndigana kali ya ng'ombe, lakini maji moyo yanawaua vizuri tu, kwa hiyo mwenye mbuzi asijione salama.

Tofauti ya maisha yao ndiyo inayoamua ratiba yako. Kupe wa bluu akipanda kwa ng'ombe anakaa hapohapo kama wiki tatu, kutoka utoto hadi anaposhiba na kuanguka. Kupe wa masikio hubadilisha mnyama mara tatu katika maisha yake, na kila akipanda hukaa siku chache tu. Vimelea vya ndigana kali vilivyo kwenye tezi zake za mate havijakomaa anapong'ata. Vinahitaji kama siku 3 hadi 5 za kunyonya ndipo viweze kuambukiza. Hapo ndipo dawa ya kuogesha inapopata nafasi. Kupe akifa siku ya pili, ng'ombe amepona. Akifika siku ya sita, umechelewa, hata kama utamwogesha ng'ombe kwa dawa ya bei kubwa kuliko zote dukani.

Ndiyo maana huambiwa uogeshe kila wiki, na wakati kupe wakizidi mvua zikichanganya, mara mbili kwa wiki. Anayeogesha mara moja kwa mwezi "ili kupunguza kupe" amepunguza anaowaona tu.

Kwa haraka haraka

| | Josho | Bomba la mgongoni | Kumwagia mgongoni | Chanjo ya ndigana kali |
|---|---|---|---|---|
| Maji | Maelfu ya lita, ya pamoja | Lita 5 hadi 10 kwa ng'ombe mkubwa | Hakuna | Hakuna |
| Inamfaa | Makundi makubwa, kijiji chenye kamati hai | Ng'ombe 1 hadi 20 hivi | Wachache wa thamani, au penye uhaba wa maji | Chotara, na ndama wa eneo lenye ndigana kali |
| Marudio | Kila wiki | Kila wiki, ikibidi mara 2 | Kama lebo inavyosema, mara nyingi wiki 2 au zaidi | Mara moja |
| Mbung'o | Inategemea dawa iliyomo | Inategemea dawa | Nyingi zinamuua | Haihusiki |
| Kinachoharibu kazi | Dawa kupungua nguvu | Kupuliza kidogo | Kukisia uzito | Ubaridi wa chanjo kukatika njiani, na kuamini inakinga kila kitu |

Josho

Kwa mwenye ng'ombe mamia, hakuna mjadala. Wafugaji walioingia Kilwa, Liwale na Lindi vijijini baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walikuja na makundi ambayo huwezi kuyapulizia kwa bomba ukamaliza siku hiyo. Josho linamlowesha ng'ombe mzima, hadi chini ya mkia na katikati ya kwato, na halitegemei uvumilivu wa kijana aliyetumwa kupuliza.

Ubaya wake umejificha ndani ya maji. Ng'ombe wanapopita, manyoya yanachukua dawa zaidi ya maji. Baada ya mamia kupita, maji yaliyobaki yana rangi ileile na harufu ileile lakini nguvu imeshuka. Ukijaza maji bila kuongeza dawa kwa kipimo cha kujazia, ambacho ni kikali kuliko kile cha kuanzia, unaogesha kwa maji machafu. Kibaya zaidi, dozi dhaifu inaua kupe wanyonge na kuwaacha wagumu wazaliane. Kwa hiyo kabla ya kuswaga ng'ombe kwenda josho la kijiji, muulize anayelisimamia maswali mawili: mara ya mwisho mmejazia lini, na sampuli ya maji imepimwa lini? Akianza kuzungukazunguka, rudi na ng'ombe wako ukawapulizie nyumbani.

Mengine ni ya kawaida ila watu huyasahau. Ng'ombe wanyweshwe kabla, wasije wakanywa maji ya josho. Wapumzike, wasifike wanahema. Waoge asubuhi, siku isiyo na wingu la mvua. Wale wachache wa kwanza wapitishwe tena mwishoni, kwa sababu walipita kabla dawa haijakorogeka. Ndama wadogo na ng'ombe wenye mimba kubwa wasitumbukizwe. Hao ni wa bomba.

Bomba

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Hesabu yenyewe inatosha kuonyesha. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10 za dawa iliyochanganywa ili alowe hadi ngozini. Bomba la lita 16 linatosha ng'ombe wawili au watatu, basi. Sasa tembelea zizi lolote saa kumi na mbili asubuhi uone bomba moja likimaliza ng'ombe kumi, mtu anatembea kandokando yao akipitisha ukungu mgongoni kama anayemwagilia mchicha. Mgongoni hakuna kupe.

Kupe wako ndani ya sikio, chini ya mkia, kinenani, kwapani, kwenye kiwele au korodani, kidarini na katikati ya kwato. Mfunge ng'ombe au mwingize kwenye kibanio. Simama upepo ukiwa mgongoni mwako. Puliza kinyume cha manyoya yanavyolala ili dawa ifike kwenye ngozi, anza nyuma, inua mkia, shuka miguuni, pita tumboni, malizia shingo na kichwa. Sikio usilipulizie kwa nguvu. Lowesha kitambaa au brashi kwenye dawa hiyohiyo upake ndani ya sikio kwa mkono wenye glovu. Ukiona dawa inachuruzika kutoka tumboni, kazi kwa ng'ombe huyo imekwisha.

Kipimo kinategemea lebo, na lebo hazifanani. Amitrazi ya asilimia 12.5, kwa mfano, ni mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani 32 kwa bomba la lita 16. Dawa nyingine kwenye rafu hilohilo inaweza kuwa na kipimo tofauti kabisa, kwa hiyo usihamishe kipimo ulichozoea. Nunua sirinji ya kupimia. Kizibo cha soda kimeua dozi nyingi sana.

Jambo moja la Kusini ambalo sijaona likisemwa vya kutosha ni bomba la mikorosho. Nyumba nyingi zina bomba moja, na bomba hilo ndilo lililopuliza viuatilifu vya mbu wa mikorosho miezi michache iliyopita. Kulisuuza mara moja hakutoshi. Ng'ombe anajilamba, ndama ananyonya kiwele kilichopuliziwa, na maziwa ya jioni yanaingia kwenye chai ya watoto. Wapo pia wanaochukua kiuatilifu chenyewe cha mikorosho kilichobaki na kukipuliza kwa ng'ombe kwa hoja kwamba "mdudu ni mdudu". Ukiona ng'ombe anatoa udenda mwingi, anatetemeka na kuyumba saa chache baada ya kupuliziwa, hiyo ni sumu, na afisa mifugo anatakiwa sasa hivi. Bei ya bomba la pili haifiki robo ya bei ya mtamba.

Kumwagia mgongoni

Dawa hizi humwagwa kwa mstari kutoka mabegani hadi kwenye shina la mkia, kisha mafuta yake yanasambaa juu ya ngozi. Nyingi huwekwa mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 250 anahitaji 25. Dakika moja umemaliza, huna haja ya maji wala kibanio cha maana. Kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ni shida ya miaka yote na watu huyanunua kwa ndoo, hoja ya maji peke yake inaweza kumaliza mjadala: ng'ombe sita mara lita 8 kila wiki si maji ya kuchezea.

Bei ya chupa inatisha. Lakini wengi wanalinganisha chupa kwa chupa. Linganisha ng'ombe mmoja kwa mwezi mmoja: dawa ya bomba mara nne au nane, pamoja na maji na kibarua, dhidi ya kumwagia mara moja au mbili. Kwa ng'ombe watatu, tofauti husinyaa sana. Kwa ng'ombe arobaini, bomba au josho bado linashinda.

Udhaifu uko sehemu mbili. Watu hukisia uzito kwa macho na karibu kila mara hukisia chini; tumia utepe wa kupimia kifua. Pili, dawa inafika masikioni polepole na kwa kiasi kidogo, na kupe wa ndigana kali anakaa masikioni. Kwa hiyo hata ukimwagia, chungulia masikio kila wiki, na ukikuta kupe wapake dawa papo hapo.

Sasa mbung'o

Sababu ya Lindi na Mtwara kuwa na ng'ombe wachache kwa miaka mingi haikuwa uvivu wa watu wala ukosefu wa nyasi. Ilikuwa mbung'o wa kwenye miombo, na nagana anayoileta. Mbung'o bado wapo, hasa kuelekea Liwale na maeneo yanayopakana na hifadhi, na kwenye mapori ya kandokando ya mito kama Ruvuma na Mbwemkuru.

Amitrazi inaua kupe vizuri sana, lakini mbung'o haimdhuru. Dawa za jamii ya pairethroidi, zile zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, kama saipamethrini na deltamethrini, zinaua wote wawili: mbung'o akitua kwa ng'ombe kunyonya, anaondoka na kifo chake miguuni. Kwa hiyo anayelisha pembezoni mwa pori na anayelisha viunga vya Masasi mjini hawapaswi kununua chupa moja. Wa porini achukue pairethroidi, iwe ya bomba au ya kumwagia. Kama dawa ni haba, ajue kwamba mbung'o wengi hutua miguuni na tumboni, na kwa ng'ombe wakubwa zaidi kuliko ndama. Utafiti uliofanyika Zimbabwe ulionyesha kuwa kupaka sehemu hizo tu kunaokoa dawa nyingi na bado mbung'o wanakufa. Hiyo ni hesabu ya mbung'o lakini. Kwa kupe, sikio na mkia vibaki palepale kwenye orodha.

Pairethroidi ina gharama yake: ni sumu kali kwa samaki na nyuki. Usioshee bomba mtoni, usipulize jirani na mizinga. Liwale wanaishi kwa asali pia.

Mbung'o anavuruga hata utambuzi wa ugonjwa. Ndigana kali huvimbisha matezi chini ya sikio na mbele ya bega, na joto hupanda kupita nyuzi 40. Nagana nayo huvimbisha matezi na kuleta homa. Zote mbili zinamfanya ng'ombe apunguze kula. Tofauti ni mwendo: ndigana kali inakimbia, mwishoni ng'ombe anahema kwa shida na kutoa povu puani, na mara nyingi wiki mbili au tatu zinatosha kummaliza. Nagana inamkausha taratibu, anakonda na kuishiwa damu huku bado anakula kidogo. Hapa ndipo ile sindano ya njano ya diminazini inapowaponza watu. Inatibu nagana na inatibu mkojo mwekundu, kwa hiyo imejijengea jina la kutibu kila kitu. Ndigana kali haitibu hata kidogo. Hiyo inataka buparvakwoni, na mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Oksitetrasaiklini nayo ni ya ndigana baridi na maji moyo. Damu na majimaji ya tezi vikipakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini, kubahatisha kunakwisha.

Chanjo

Chanjo ya ndigana kali ni ya namna yake. Ng'ombe anachomwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, mchanganyiko wa aina tatu uliobuniwa Muguga, Kenya, na wakati huohuo anachomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili ugonjwa uje kwa upole na kuondoka. Akivuka hapo, kinga yake ni ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia sana kwa ndama wao.

Kwa chotara wa maziwa ningeiweka juu ya orodha, lakini kwa masharti. Inahifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno. Mrija mmoja una dozi nyingi na ukishayeyushwa hautunziki, kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja atafute majirani wajikusanye. Anayechanja awe mtaalamu, na arudi kuwaangalia ng'ombe, kwa sababu wachache huugua kweli na kuhitaji tiba. Na inakinga ndigana kali peke yake. Mkojo mwekundu, ndigana baridi, maji moyo na nagana vyote viko palepale, kwa hiyo kuogesha hakukomi. Hereni ya sikioni ya ng'ombe aliyechanjwa nayo isikudanganye: kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa mwaka 2025 inachanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu, na mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka. Hiyo si chanjo ya kupe.

Sharti lingine ni nyati. Vimelea vya ndigana vinavyotoka kwa nyati hutofautiana na vya ng'ombe, na vinaweza kupenya kinga ya chanjo hii. Anayelisha jirani na Hifadhi ya Nyerere upande wa Liwale asiitegemee peke yake. Wanyamapori wana tabu hiyo: huwezi kuwapeleka joshoni. Huko Marekani, ambako kulungu hubeba kupe hadi kwenye makazi ya watu, wamebuni vihori vya mahindi vyenye nguzo zilizolowa dawa. Kulungu akiinamisha kichwa kula anajipaka mwenyewe masikioni na shingoni. Sioni nani atamwekea nyati kihori. Sisi tunachoweza ni kuwatenga ng'ombe na malisho ya nyati, na kuwaogesha mara nyingi zaidi.

Kuhusu sindano ya ivemektini, ambayo wengi huuliza: ni nzuri kwa minyoo na upele, inapunguza kupe wa bluu, kwa kupe wa masikio haitoshi, na ng'ombe anayekamuliwa haifai.

Ningekuwa na ng'ombe hawa, ningefanya hivi

Chotara wawili wa maziwa Mtwara mjini au Masasi, wanaolishwa bandani: chanjo, halafu bomba la amitrazi kila wiki, kwa umakini. Banda halizuii kupe. Wanakuja na majani unayoyakata barabarani. Soma kwenye lebo muda wa kutotumia maziwa baada ya dawa.

Ng'ombe wanne hadi kumi Newala: kumwagia mgongoni, na masikio kwa mkono.

Zebu ishirini Nachingwea, pori karibu: bomba la pairethroidi. Hawa wa asili, ndama wao huzoea vimelea wakiwa wadogo na kujenga kinga, kwa hiyo kupe wachache si msiba. Msiba ni kuogesha kwa nguvu mwaka mzima, kisha fedha zikikata unaacha ghafla, na una kundi la ng'ombe wakubwa wasio na kinga yoyote. Chagua kiwango unachokimudu hata miezi ambayo korosho haijalipwa.

Mamia Kilwa au Liwale: josho lenye pairethroidi, na kamati inayopima maji.

Njia yoyote utakayoshika, siku mbili baada ya kuogesha rudi uchungulie masikio na chini ya mkia. Ukikuta kupe hai wamejaa, kwanza jikague wewe: kipimo, lita, mvua. Vyote vikiwa sawa na bado wako hai, kupe hao wamezoea dawa. Kununua chupa ya jina jingine hakusaidii kama ndani ni jamii ileile. Saipamethrini, alfasaipamethrini, deltamethrini na flumethrini zote ni ndugu. Wakusanye kupe wachache wakiwa hai kwenye kichupa chenye kitambaa mdomoni, mpelekee afisa mifugo wa kata pamoja na chupa ya dawa uliyotumia, na umwombe sampuli ifike Mtwara kwenye maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, kabla hujatoa fedha nyingine dukani.